Nitrati 70 na filta mbili: tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Mtwapa, nina tangi la maji ya bahari la lita 300, sasa mwaka wa pili. Ndani kuna samaki wanne, yaani kangaja mmoja, klauni wawili na kitatange mdogo, pamoja na matumbawe laini machache. Nawalisha nusu kijiko cha chai cha chembe kavu kwa siku. Natumia filta ya mkebe yenye sponji na vipete vya kauri. Nitrati ilipofika miligramu 50 kwa lita, muuzaji aliniambia filta ni ndogo, nikaongeza ya pili. Sasa nitrati ni 70 na fosfati 0.8. Amonia na nitriti ni sifuri. Kila wiki nabadilisha asilimia 10 ya maji kwa maji ninayochota pwani, na yanayokauka nafidia kwa maji ya kisima chetu. Filta nazifungua kila baada ya miezi mitatu. Rafiki mmoja anasema ninunue skima (mtambo wa kutoa uchafu kwa povu), mwingine anasema nitoe filta zote nibaki na mawe tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki zako kila mmoja amekuambia nusu ya kweli. Muuzaji hata robo hakuifikisha. Na mtuhumiwa mmoja mkubwa umemtaja mwenyewe kwenye barua bila kumshuku: maji ya kisima. Nitamfikia.

Kwanza, filta zako hazina ubovu wowote. Zinafanya kazi yake barabara, ndiyo maana amonia na nitriti zinasoma sifuri. Lakini kazi yake ni kugeuza. Samaki anatoa amonia kwa matamvua, chakula kilichobaki kinaoza na kutoa amonia, bakteria wa kundi moja wanaigeuza kuwa nitriti, wa kundi jingine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Kazi ya mkebe inaishia hapo. Nitrojeni iliyoingia tangini kama chakula bado imo humo humo, imebadili nguo tu. Ni sawa na kufagia chumba ukazirundika taka nyuma ya mlango: sakafu inang'aa, ila taka hazijafika jaani.

Kwa hiyo chombo chochote utakachouziwa, kikiwa cha bei rahisi au cha bei ya pikipiki, kiulize swali moja: nini kinatoka nje ya tangi, na kinatokea wapi?

Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu mambo haya hugeuka ushabiki. Nusu kijiko chako cha chembe tukikadirie gramu moja kwa siku, yaani gramu 7 kwa wiki. Chembe za kawaida zina protini kama asilimia 45, na kwenye protini nitrojeni ni karibu asilimia 16. Hiyo ni nusu gramu ya nitrojeni kwa wiki. Gramu moja ya nitrojeni ikiishia kuwa nitrati inatoa gramu 4.4. Ukigawa kwa lita 300 unapata ongezeko la miligramu 7 na kidogo kwa kila lita, kila wiki. Samaki wanajijengea mwili kwa sehemu yake na mawe uliyonayo yanakula kidogo, basi tuseme inabaki 5.

Sasa angalia kubadilisha maji. Ukitoa asilimia 10 kila wiki na nitrati inapanda 5 kila wiki, haitashuka hadi sifuri hata ufanye hivyo miaka ishirini. Itatulia pale ambapo kinachotoka kinalingana na kinachoingia, na asilimia 10 ya 50 ndiyo 5. Hiyo 50 uliyoishangaa, chakula peke yake kinatosha kuifikisha. Ukibadilisha asilimia 25 kwa wiki, kiwango kinatulia kwenye 20.

Je, mkebe wa pili ndio uliokupeleka 70? Kuna msemo kwenye mambo haya kwamba mkebe ni "kiwanda cha nitrati", na watu wanaurudia bila kuufikiria. Bakteria hawaumbi nitrojeni kutoka hewani. Hawawezi kutoa zaidi ya ulichokitia. Ila msemo una ukweli wake wa namna mbili. Sponji inanasa kinyesi na chembe zisizoliwa, halafu maji yanapita katikati ya uozo huo usiku na mchana. Ukiiosha baada ya siku nne, umetoa taka kabla hazijayeyuka. Ukingoja miezi mitatu, hakuna ulichotoa isipokuwa tope lililokwisha kunyonywa. Pili, nitrati inayotengenezwa kwenye vipete vya kauri, penye mkondo mkali na oksijeni tele, inaishia majini moja kwa moja. Ile inayotengenezwa juu ya ngozi ya jiwe lenye matundu iko hatua moja tu na tumbo la jiwe, ambako oksijeni imekwisha na kuna bakteria wengine wanaoisubiri. Mkebe unaikatiza safari hiyo.

Hata hivyo sidhani mkebe peke yake ndio uliopandisha 20 nzima. Hapo ndipo ninapomshuku mtuhumiwa wangu.

Joto la Mtwapa, tangi wazi na pengine feni juu yake: lita tatu na nusu kwa siku kukauka si ajabu, karibu lita 25 kwa wiki. Kinachokauka ni maji matupu. Chumvi, nitrati na fosfati vinabaki. Kisha wewe unafidia kwa maji ya kisima. Miji yetu ya pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba wenye matundu kama sponji. Visima vyetu vimechimbwa humo, na vyoo vya shimo vimechimbwa humo humo. Tuseme kisima chenu kina nitrati miligramu 30 kwa lita. Kwa kunywa bado hakijavuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni 50. Lakini lita 25 zake kila wiki zinakuongezea miligramu 2.5 kwa kila lita ya tangi. Jumlisha na ile 5 ya chakula, gawa kwa asilimia 10 yako: 75. Umenitajia 70. Pima kisima kabla ya kununua kitu chochote. Kifaa unacho tayari, na itakuchukua dakika tano.

Ikiwa kisima ndicho, fidia kwa maji ya mtambo wa osmosisi, ule unaosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi na nitrati. Maduka mengi ya kujaza maji ya kunywa yanautumia. Waulize kama wanarudishia madini baada ya kuchuja, na yapime na yenyewe. Maji ya mvua pia yanafaa, mradi usikinge ya dakika za kwanza zinazoosha paa, na bati lisiwe limeanza kuoza.

Na maji unayochota pwani unayachota wapi na saa ngapi? Bahari ya wazi ya ukanda wetu ina nitrati chini ya miligramu moja kwa lita, huwezi kupata maji bora zaidi kwa pesa. Lakini ndani ya hori la Mtwapa ni habari nyingine, nchi kavu nzima inateremkia humo, na wakati wa masika ndiyo usiseme. Chota upande wa bahari kuu, siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa au yanamalizia kujaa. Wakati wa kupwa unachota yale yanayotoka kwenye mikoko na mifereji. Mvua kubwa ikinyesha, subiri siku kadhaa na upime chumvi kwanza. Miaka niliyofanya kazi kwenye matangi ya samaki wa mapambo wa kusafirisha nje, tulikuwa na kijana wa kuchota maji ambaye hakuwa na saa wala kipimo. Alikuwa na kalenda ya mwezi tu, na maji yake yalikuwa safi kuliko ya sisi wenye vipimo.

Nije kwa rafiki wa skima. Umewahi kusimama ufukweni kusi ikivuma, ukaona povu la rangi ya maziwa machafu likirundikana mchangani? Hiyo ndiyo skima. Molekuli za protini na mafuta zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo zinajibandika kwenye ngozi ya kiputo. Mtambo unapuliza viputo vidogo mno ndani ya mrija, povu linapanda na kumwagika kwenye kikombe juu, jeusi, linanuka, nawe unalimwaga. Kwenye maji baridi haifanyi kazi vizuri kwa sababu viputo vinaungana na kuwa vikubwa. Chumvi ndiyo inayovizuia visiungane.

Ubora wa skima ni kwamba inatoa uchafu kabla haujaoza, tena inautoa nje kabisa, si nyuma ya mlango. Na inaingiza oksijeni, jambo ambalo kwetu lina uzito kwa vile maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Lakini nitrati na fosfati zilizokwisha kuyeyuka hazijibandiki kwenye viputo. Ukiiwasha leo kwenye tangi la 70, kesho utasoma 70. Na hata kwenye kazi yake haimalizi: Ken Feldman na wenzake wa Pennsylvania State University walipopima skima kadhaa mwaka 2009, hakuna iliyotoa zaidi ya takriban theluthi moja ya kaboni ya ogani, yaani ile ya mabaki ya viumbe, iliyokuwa majini. Kinachobaki hakishikiki kwa povu. Basi skima inapunguza kasi ya kuingia kwa nitrati. Haikuondolei mlima ulio nao tayari.

Rafiki wa mawe naye ana ukoo mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Indonesia alishangaza wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa matangi yenye mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo ndani yake), maji ya bahari na viputo vya hewa tu, bila filta yoyote. Alikuwa mtu wa pwani ya joto kama sisi, na bahari karibu. Baadaye wafugaji wa Berlin, Dietrich Stüber akiwa miongoni mwao, waliongeza skima juu ya mawe, na njia hiyo ikaitwa kwa jina la mji wao. Jean Jaubert wa Ufaransa akatumia mchanga mnene badala ya mawe mengi. Siri ni moja. Ndani ya jiwe lenye matundu, au chini ya sentimita kumi za mchanga laini, oksijeni inakwisha. Bakteria waliomo wanavuta pumzi kwa nitrati badala ya oksijeni, na mabaki yake ni gesi ya nitrojeni inayopanda na kutoka hewani. Lile swali langu la "nini kinatoka" hapa limejibiwa vizuri kuliko kwenye mtambo wowote wa dukani.

Shida ni kwamba kazi hiyo ni ya polepole, inahitaji miezi, na inahitaji mawe ya kutosha. Tafadhali usiende kung'oa mwambani. Hifadhi za bahari za Mombasa, Watamu na Kisite zinakataza kuchukua chochote, na matumbawe magumu pamoja na mawe hai yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Nenda machimboni, kwenye yale mawe ya matumbawe ya kale tunayojengea nyumba. Chagua mepesi yenye matundu mengi, yasiyo na saruji wala udongo mwekundu. Yasugue, yaloweke wiki tatu au nne kwenye maji ya bahari na kupima fosfati ya yale maji. Ukiyaweka karibu na mawe yako ya zamani, bakteria watahamia wenyewe. Mimi nina jiwe la namna hiyo lililokuwa kizingiti cha mlango wa nyumba ya bibi yangu. Sasa klauni wanalalia hapo.

Wala usitoe filta zote siku moja. Jeshi la bakteria wa amonia linaishi humo, na ukilitupa kabla mawe hayajachukua kazi utapata amonia, ambayo ni hatari kuliko nitrati 70 mara nyingi. Toa vipete robo kwa robo, kila wiki mbili, ukipima.

Sasa njia ninayoipenda mimi, na ambayo mtu wa Mtwapa hana udhuru wa kuikosa: mwani. Kutoka Kibuyuni hadi Paje watu wanafunga mwani kwenye kamba, unakua bila mbolea yoyote ya dukani. Unakula nini? Nitrojeni na fosforasi iliyo majini. Mwaka 2002 Flower Msuya wa Zanzibar na Amir Neori wa Israel walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mwani wa Ulva na wa Gracilaria unaweza kusafisha maji yanayotoka kwenye mabwawa ya samaki nchini Tanzania. Tangi lako ni bwawa dogo tu.

Unahitaji ndoo au tangi dogo la lita 30 hadi 50 pembeni, pampu ndogo ya kupitisha maji, taa nyeupe yenye nguvu inayowaka usiku wakati taa ya tangi kubwa imezimwa (hivyo pia asidi ya maji haiyumbi sana), na konzi ya mwani. Bora kuliko yote ni ule wa nyuzi ngumu kama waya wa kusugulia sufuria, uitwao Chaetomorpha. Ulva, ule mwembamba kama jani la letusi, unafaa pia. Caulerpa jiepushe nayo: kuna siku inaamua kuzaa, inayeyuka usiku mmoja na kukurudishia kila ilichokula. Uoshe vizuri unaouokota, utoe kaa na konokono.

Kisha vuna. Mwani usiovunwa haujatoa kitu. Nusu kilo mbichi ikikauka inabaki labda gramu 50; tuseme asilimia 2 yake ni nitrojeni, basi umetoa gramu moja, ambayo ni sawa na kushusha nitrati 15 kwenye lita 300. Na usimpe kangaja yote uliyovuna. Najua ataifurahia, lakini utakuwa umerudisha mlangoni ulichokitoa dirishani. Katupe kwenye mchicha, ukishauosha chumvi.

Utasikia pia habari ya kutia siki au vodka. Si uchawi: bakteria wakipewa kaboni wanazaana, wanajenga miili yao kwa nitrati na fosfati, na skima inawatoa pamoja na povu. Bila skima usijaribu. Wanapozaana wanakula oksijeni, na kwa joto letu, umeme ukikatika usiku uliotia siki, utaamka na samaki waliolala ubavu. Mimi naiacha kwa wenye jenereta.

Fosfati nimeiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu huidhani pacha wa nitrati. Fosforasi haina mlango wa hewa. Hakuna bakteria wa kuigeuza gesi. Inatoka kwa maji unayomwaga, kwa povu, kwa mwani unaovuna, au kwa kunaswa na chembe za oksidi ya chuma zinazouzwa kwa kazi hiyo. Tena inajibandika kwenye mawe na mchanga wa chokaa. Ukiishusha majini, mawe yanairudisha polepole kwa wiki na miezi. Usidhani dawa imeshindwa. Ni deni la miaka miwili linalipwa kwa awamu.

Lakini usikimbilie oksidi ya chuma sasa hivi. Ukiweka nyingi, fosfati inaweza kuporomoka ndani ya siku chache ilhali nitrati bado iko 70, na huo ndio mchanganyiko mbaya kuliko wote. Jörg Wiedenmann wa Southampton na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba matumbawe yenye nitrojeni nyingi yakinyimwa fosforasi hupauka kwa urahisi zaidi joto na mwanga vikizidi. Na joto wewe unalo la kugawa. Wala usitafute sifuri kwa chochote. Viumbe wa tangini wanakula virutubisho hivyo hivyo. Kwa matumbawe laini, nitrati kati ya 5 na 15 na fosfati kati ya 0.05 na 0.1 ni pazuri.

Basi ningekuwa wewe ningeanza hivi. Kesho pima kisima na maji ya pwani, kila kimoja peke yake. Wiki hii osha sponji za mkebe mmoja, wiki ijayo za mwingine, kwa maji uliyoyatoa tangini. Kuanzia hapo kila wiki. Badilisha asilimia 20 hadi 25 kwa wiki kwa miezi miwili, si nusu ya tangi kwa mara moja, maana samaki waliozoea 70 hawapendi mshtuko. Anzisha ndoo ya mwani sasa hivi, ongeza mawe ya machimboni yakiwa tayari, halafu anza kupunguza vipete. Skima nunua ukipata pesa, na nunua kwa ajili ya oksijeni na povu, si kwa kutumaini namba ya kesho. Mkebe mmoja baki nao kwa ajili ya sponji tu.

Na umeme ukikatika zaidi ya saa moja, chomoa mikebe kwenye soketi kabisa. Maji yaliyofungiwa humo na bakteria wenye njaa ya oksijeni yanaoza haraka, na umeme ukirudi pampu itayasukuma yote kwa samaki. Fungua, mwaga, suuza, ndipo uwashe. Niandikie ukipata namba ya kisima. Ikiwa ni chini ya 5, itabidi tuanze kuulizana upya kuhusu hiyo nusu kijiko.